Karanga Zilizosinyaa Zisiingie Kinuni

Wana Dodoma wenzangu, kuna ombi moja msimu huu wa mavuno. Mnapokaa mkekani kubangua karanga, zile zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu msizitie kwenye kinu cha mboga.

Mazoea yetu tunayajua. Nzuri zinakwenda sokoni, mabaki yanatwangwa kuungia mlenda. Basi sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, hujazana hukohuko kwenye mabaki, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, 20 wakafariki. Hao iliwapata kwa wingi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka haumwi leo wala kesho, ila ini lake linaumia.

Linaumiaje? Seli ya mwili haigawanyiki ovyo. Inayo protini iitwayo p53, ambayo mwanasayansi Mwingereza David Lane aliiita mlinzi wa jenomu, yaani wa vinasaba vyote vya seli, mwaka 1992. Vinasaba vikiharibika, p53 huwasha jeni ya protini nyingine, p21, nayo husimamisha mgawanyiko mpaka vitengenezwe. Visipotengenezeka, p53 huweza kuifanya seli ijiue. Sasa tazama uchokozi wa sumukuvu: ini likijaribu kuisafisha, huigeuza kuwa kali zaidi, ikanasa kwenye vinasaba. Mwaka 1991 watafiti walichunguza saratani za ini kutoka Qidong nchini China na kusini mwa Afrika, maeneo yenye sumukuvu nyingi. Wakakuta kosa lilelile likijirudia ndani ya jeni ya p53 yenyewe, kwenye kodoni (kikundi cha herufi tatu za vinasaba) ya 249: herufi G imekuwa T. Herufi moja tu, na seli inaendelea kugawanyika hata pale ilipopaswa kusimama.

Aliye na homa ya ini B hatari yake ni kubwa zaidi, kwa hiyo watoto wapelekwe kliniki wamalize chanjo.

Kuloweka karanga ili maganda yalainike tuache, ingawa najua vidole vinauma. Ukungu unapenda unyevu. Wenye mashine za kubangulia, wapunguzieni akina mama bei. Mahindi nayo hupata sumu hii, basi tuyaanike juu ya turubai, tusiyaanike chini kwenye udongo. Nanyi wanunuzi wa soko la Kibaigwa, mzigo uliochambuliwa vizuri ulipeni zaidi, maana mkulima akilipwa sawa na aliyechanganya, mwakani hatachambua.

Mabaki msiwape kuku, wala ng'ombe wa maziwa: sumu hupita ikaingia kwenye maziwa ya watoto. Chimbeni shimo, mfukie.