Tuuzieni Hisa, Si Ahadi

Kila msimu wa kampeni hutokea mtu Kitui na Makueni akatuahidi kiwanda. Tunapiga makofi, tunapiga kura, jiwe la msingi linawekwa, utepe unakatwa. Miaka 5 ikipita anakuja mwingine na kiwanda chake. Nimechoka, na najua si mimi peke yangu. Kwa hivyo nasema wazi: fedha za umma zikichangishwa tena Ukambani kwa jina la kiwanda cha nguo, zichangishwe kwa kuuza hisa, wenye hisa wawe wakulima na wananchi wenyewe, na kiwanda kianze na uzi.

Uzi wa nini? Atakayependekeza sufu aambiwe ukweli mapema. Kondoo tunaofuga kutoka Mutomo hadi Makindu ni Red Maasai, Dorper na machotara wao, kondoo wa nyama wenye manyoya mafupi yanayopukutika yenyewe. Dorper alizalishwa Afrika Kusini kwa ajili ya nyama. Merino na Corriedale, wanaokatwa sufu, wanapenda baridi ya Molo na Timau. Ukijenga kiwanda cha sufu mjini Wote utakuwa mtumwa wa malighafi ya mbali tangu siku ya kwanza. Nyuzi tulizojaliwa sisi ni pamba na mkonge. Mkonge umejaa shamba la Dwa pale Kibwezi, na mama zetu wamekuwa wakiusokotea pajani na kusuka vyondo tangu kabla ya hizi kaunti kuwepo.

Na pamba hatuhitaji kufundishwa. Muulize aliyewahi kuichuma Kathonzweni au Mwingi. Tumba likipasuka, kingo zake kavu huchoma vidole hadi vikatoka damu. Anachuma polepole, nyeupe anaiweka kando iwe daraja la safi, yenye madoa inakuwa daraja la fifi. Anaepuka gunia la nailoni kwa sababu nyuzi zake zikichanganyika na pamba kiwanda kitailalamikia. Halafu baada ya uangalifu wote huo anakaa kumngoja dalali. Dalali anakuja na mizani yake, na bei yake, na siku yake. Mkulima hana pa kwenda kwingine. Katika kilo 3 za pamba mbichi kuna takriban kilo 1 ya pamba iliyochambuliwa, na zinazobaki karibu zote ni mbegu za kukamua mafuta na kutengeneza mashudu ya ng'ombe. Faida ya vitu vyote hivyo huvunwa na watu ambao vidole vyao havikuchomwa.

Haikuwa hivi daima. Katikati ya miaka ya 1980 Kenya ilizalisha robota zipatazo 70,000 za pamba kwa mwaka. Bodi ya pamba ilikuwa na makosa yake, hasa kuwacheleweshea wakulima malipo. Lakini soko lilipofunguliwa mwaka 1991 mkulima aliachwa uwanjani peke yake, hana mbegu bora, hana mkopo, hana mnunuzi wa uhakika. Kisha mitumba ikafurika. Viwanda vya nguo vikafungwa kimoja baada ya kingine, na shamba la pamba likageuzwa la mahindi, hata pale ambapo mvua ya mahindi haifiki.

Wako watakaosema kaunti zimejitahidi. Ni kweli, na sitawanyima haki yao. Mwaka 2018 Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilianzisha kiwanda cha kushona nguo cha KICOTEC. Vijana wengi walipata kazi pale, na korona ilipoingia mwaka 2020 cherehani hizo zilishona barakoa kwa maelfu kila siku. Makueni nayo, enzi za Gavana Kivutha Kibwana, ilijenga kiwanda cha kusindika maembe cha Kalamba. Hizo ni kazi za kuheshimiwa. Lakini tutazame kwa macho makavu. KICOTEC inashona kitambaa ambacho hakikufumwa Kitui, kwa uzi ambao haukusokotwa Kitui. Mkulima wa pamba anayeishi mwendo mfupi kutoka hapo anaweza kumnunulia mwanawe sare iliyoshonwa pale bila unyuzi hata mmoja wa shamba lake kuwemo ndani yake.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: kiwanda cha kaunti ni cha gavana. Gavana ana miaka 5, akibahatika 10. Akiondoka, kiwanda kinabaki kinamwomba mrithi wake bajeti, na mfanyakazi hana budi kujiuliza kama mkataba wake utadumu. Hatuwezi kujenga uchumi wa wajukuu wetu juu ya hisani ya mtu mwenye muhula.

Tumewahi pia kuambiwa tusubiri soko la Marekani. Sheria ya AGOA ilianza mwaka 2000 na viwanda vikajaa Athi River, katika kaunti jirani ya Machakos. Vilitoa kazi, nami sizidharau. Lakini kanuni zake ziliruhusu nguo iingie Marekani bila ushuru hata kama kitambaa kimetoka nchi nyingine kabisa. Basi kitambaa kikaja kwa meli kutoka Asia, kikashonwa, kikaondoka. Mkulima wa Kibwezi akabaki kuyatazama makontena yakipita Barabara ya Mombasa. Na muda wa sheria hiyo ulipokwisha Septemba 2025 bila kuongezwa kwa wakati, ajira za maelfu ya Wakenya zilining'inia kwa kusubiri kikao cha bunge la watu wengine.

Ndiyo maana nasema tuanze na uzi. Uzi ndio kiungo kilichokatika kati ya shamba na cherehani. Anayesokota uzi ndiye anayeinunua pamba ya mkulima, ndiye anayemlisha mfumaji, na mfumaji ndiye anayemlisha fundi wa Kitui. Bila yeye, kiwanda cha kuchambua pamba kitaendelea kuuza robota nje ya kaunti na cherehani zetu zitaendelea kushona vya watu.

Fedha zitatoka wapi? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Kitui na Makueni zaidi ya kaya 500,000 kwa pamoja. Kaya moja tu katika kila kumi ikinunua hisa za shilingi 10,000, kwa kulipa 500 kila mwezi kwa miezi 20, hizo ni shilingi milioni 500. Haziwezi kujenga kiwanda kingine cha nguo kama Rivatex, nakubali. Lakini kumbuka kwamba Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua Rivatex yenyewe, kule Eldoret, mwaka 2007 kwa shilingi milioni 205, kisha mkopo kutoka India ukaleta mashine mpya. Mwenye mtaji wake mkononi huzungumza na benki akiwa amesimama wima. Kaunti zetu nazo ziongeze sehemu yao kama mwenye hisa mmoja kati ya wengi, asiye na haki ya kuteua mkurugenzi mkuu.

Wala usiniambie mwananchi wa kawaida hawezi kuwekeza. Mwaka 2017 Serikali iliuza hatifungani ya M-Akiba kwa simu, kuanzia shilingi 3,000. Ukambani umejaa vyama vya akina mama vinavyokusanya fedha kila wiki bila hata senti kupotea. Na wakulima wadogo wa majani chai zaidi ya 600,000 wanamiliki hisa katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA. Wana malalamiko yao, na mengi ni ya haki, lakini wanalalamika kama wenye mali. Mkulima wa pamba hana hata pa kulalamikia.

Najua pia jina litakalotajwa kunipinga: Mumias. Kampuni ile ya sukari iliingia soko la hisa mwaka 2001, wananchi wakanunua, wakulima wakaamini, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu wa benki huku madeni yakiwa yameimeza. Kidonda hicho tusikifiche, tujifunze kwacho. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo masharti yawe haya. Toleo la hisa lipitie Mamlaka ya Masoko ya Mitaji au sheria ya vyama vya ushirika, si kikundi cha WhatsApp cha mwanasiasa. Hisa za kwanza ziwekwe kwa wakulima wa pamba, wakiruhusiwa kuzilipia kwa pamba kilo kwa kilo. Mtu mmoja asiruhusiwe kumiliki kiasi cha kuwameza wengine. Hesabu zikaguliwe kila mwaka na kusomwa hadharani katika kila wadi, kwa Kiswahili na Kikamba. Na mashine isiagizwe kabla ya mikataba ya pamba kusainiwa, kwa maana Rivatex ilizinduliwa upya mwaka 2019 kwa shangwe kubwa, na tangu hapo imekuwa ikihangaika kupata pamba ya kutosha. Mashine bila mkulima ni chuma chakavu kinachongoja mnada.

Mengine tunayo au yako njiani. Reli ya SGR inapita Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Bwawa la Thwake, linalojengwa tangu mwaka 2018 mpakani mwa kaunti zetu hizi mbili, litatupa maji ya kumwagilia na ya kiwanda, mradi tu tuyadai kabla hayajagawiwa wengine. Mbegu ya pamba ya Bt, inayostahimili funza wa vitumba, imeruhusiwa kwa wakulima tangu mwaka 2020. Ifikishwe vijijini kabla ya mvua za Oktoba, maana mbegu inayofika Desemba ni hasara iliyofungwa kwenye mfuko.

Gavana Malombe wa Kitui na Gavana Mutula Kilonzo Junior wa Makueni, mna jumuiya ya kiuchumi ya kusini mashariki mnayoishiriki pamoja na Machakos. Ifanyieni kazi. Leteni sheria moja katika mabunge yenu ya kaunti itakayoanzisha kampuni moja ya uzi kwa Ukambani wote, badala ya kila mmoja kujenga kibanda chake cha kukatia utepe.

Na wewe msomaji, mwenye ekari 2 za pamba au mwenye mshahara Nairobi, acha kuomba kiwanda kana kwamba unaomba msaada. Agosti 2027 watakuja tena. Atakayekuahidi kiwanda mwambie akuonyeshe daftari la wenye hisa. Kama jina lako halimo, au hakuna daftari, usimpe kura.