Mzee, Usiitoe Hati!

Mhusika Kiguunda alipokubali shamba lake liwe dhamana ya mkopo wa benki, ili tu afunge ndoa ya kanisani, sauti ya mama mmoja ilitoka viti vya nyuma: “Mzee, usiitoe hati!” Ukumbi mdogo wa Nairobi, ambako mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulirudi jukwaani wiki hii, uliangua kicheko. Wazee wa mbele hawakucheka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hati ya ekari moja na nusu iliyotundikwa ukutani si pambo kwao. Wakati wa mapumziko mratibu akaomba utulivu. Lakini mchezo huu ulipoandaliwa kule Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, mazoezi yalifanyika hadharani na wanakijiji wakawasahihisha waigizaji, hata maandishi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali iliupiga marufuku mchezo mwaka huohuo. Kumnyamazisha mtazamaji wa mchezo huu ni kumalizia kazi ya serikali ile. Bahati nzuri, mratibu hakusikilizwa: katika sehemu ya pili, tajiri Kioi alizomewa kabla hajafungua kinywa.