NESI WENU WA KOLANDOTO, SEHEMU YA 4: Kabla hujampiga paka kwa ajili ya kochi

Sehemu ya 3 tulimaliza na panya, leo ni zamu ya paka. Najua kuna atakayesema, "Nesi, watu wana malaria, wewe unatuletea habari za makochi!" Soma mpaka mwisho, halafu uniambie.

Kochi ni hela jamani. Mtu auze pamba au mpunga, amlipe fundi, kochi liingie sebuleni. Wiki mbili tu, paka ameshachana mkono wa kochi, sponji nje. Hapo wengine wanachukua fimbo. Wengine wanamtia paka kwenye kiroba wakamtupe mbali. Wengine wanataka kumng'oa kucha. Mimi napinga yote matatu, na siongei kwa kumhurumia paka peke yake.

Paka akiparura hakufanyii kiburi. Anavua ganda la nje la kucha lililochakaa, ananyoosha mwili, na anaacha harufu ya nyayo zake ili paka wengine wajue hapa pana mwenyewe. Mpige leo, kesho ukiwa shambani atarudia. Atakachojifunza ni kukuogopa.

Na paka mwenye woga ndiye anayeumiza watoto. Mtoto hajui kwamba asubuhi paka alikula fimbo. Anamshika mkia kwa mchezo, anaparurwa usoni au anang'atwa. Hapo kochi limeshaingia kwenye kazi yangu. Kichaa cha mbwa hakimpati mbwa tu, paka naye anakipata na anaambukiza. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo mtu akiparurwa au kung'atwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usipake majivu wala mafuta ya taa.

Ukimtupa je? Panya wanabaki na mahindi yako. Mnaikumbuka homa ya mgunda iliyoua watu Lindi mwaka 2022? Mkojo wa panya ni mojawapo ya njia za kuieneza. Kumng'oa kucha nako ni ukatili: kucha ya paka imeota kwenye mfupa wa mwisho wa kidole, ni sawa na kumkata ncha ya kidole.

Dawa yake ni kumpa mahali pake pa kuparura. Ulaya wanauza nguzo zilizozungushiwa kamba ya katani. Kwani katani si yetu? Mkonge upo nchini tangu 1893, halafu tunasema haya ni mambo ya wazungu! Fanya hivi:

1. Tafuta gogo lenye magome, au nguzo uizungushie kamba ya katani na kuikaza. Urefu kama sentimita 90, ajinyooshe vizuri.

2. Lipigilie kwenye ubao mpana. Likimyumbia, hatalirudia.

3. Liweke palepale anapoparura, ubavuni mwa kochi. Ukilificha stoo umepoteza muda.

4. Sehemu ya kochi anayoipenda ifunike kwa nailoni ngumu wiki kadhaa.

5. Akiligusa gogo, mpe dagaa hapohapo. Usimshike miguu kumlazimisha.

6. Akishazoea, lisogeze kidogo kidogo hadi unapotaka wewe.

Hamna hapo kinachoshinda bei ya kitambaa kipya cha kochi. Na mkiwa mnatengeneza gogo, muulizeni afisa mifugo wa kata yenu kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye anachanjwa.

Mwenye paka aliyeacha kochi bila fimbo atuandikie hapo chini alifanyaje. Sehemu ya 5 tutaongelea mtoto aking'atwa na mbwa. Usiku mwema.