Staji si kazi ya bure

Wandugu vijana wa Goma, tuambiane ukweli. Dada yangu mudogo anasoma uuguzi. Kwa staji yake, kituo kimoja cha afya kilimulipisha. Akajinunulia glavu. Usiku wakamuachia zamu yeye peke yake. Mama aliyekuja kuzaa usiku ule, kama damu ingekataa kusimama, nani angejibu?

Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na mulipo uwe wa haki. Kifungu cha 47 kinahakikisha afya. Hapa, mwanafunzi ndiye analipa ili atumike, na mugonjwa analipa ili ahudumiwe na mutu asiye na wa kumuongoza.

Tunadai: pesa ya staji iishe, glavu zitolewe, muuguzi mukubwa awepo kila zamu. Leo ni dada yangu, kesho ni wako. Tusinyamaze!