Vinyama vya Puani Visingojee Kisu

Miongoni mwa maradhi ambayo wananchi wetu huyavumilia miaka mingi bila ya kulalamika ni vinyama vya puani. Kwa kuwa haviumi, hudharauliwa. Lakini aliyezibwa pua hulala vibaya, na aliyepoteza uwezo wa kunusa hatambui samaki aliyeoza wala moshi wa nyumba inayoanza kuungua. Kwa mvuvi na mchuuzi wa dagaa wa Mwamgongo, hilo si jambo dogo.

Vinyama hivyo ni ngozi laini ya pua iliyovimba kwa muda mrefu, ikajaa maji na chembe nyeupe za damu, mara nyingi zile ziitwazo eosinofili. Kisu huviondoa, lakini uvimbe uliovizaa hubaki. Ndiyo maana hurudi. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani huupiga uvimbe wenyewe: huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoziita eosinofili, na vinyama husinyaa. Wapo watakaohitaji kisu hata hivyo, na hao pia huihitaji dawa hiyo ili visirudi upesi.

Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na dawa hutumiwa kila siku. Anayeiacha siku ya tatu ameiacha kabla haijaanza kazi. Isichanganywe na matone ya kuzibua pua, ambayo yakitumiwa mfululizo huzidisha kuziba. Wala na vidonge vya steroidi, ambavyo vikimezwa kwa muda mrefu hudhuru mifupa na macho. Madhara ya kawaida ya dawa ya kupuliza ni ukavu na damu kidogo puani. Ila kinyama cha upande mmoja tu, hasa kinachotoa damu, kichunguzwe na daktari bila ya kuchelewa.

Sasa tunawageukia viongozi. Budesonidi ya kupuliza puani imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa wa Mwamgongo, kaskazini ya Gombe, hupanda boti hadi Kigoma. Na kutoka hapo hadi Dar es Salaam reli ina zaidi ya kilomita 1,200. Wasomaji wetu wa Tumbatu na Kojani wanajua maana ya kungojea maji yatulie ndipo mgonjwa avushwe. Kwa watu hawa, chupa moja katika zahanati ina thamani kuliko ahadi ya upasuaji wa mbali.

Haifai, basi, dawa ikomee mjini. Ifikishwe ng'ambo ya maji, na waganga wafundishwe kuitambua pua yenye maradhi. Nao wananchi wajitokeze mapema, na wakipewa dawa waitumie kwa subira.