KIBABA KIMOJA KWA WOTE SI HAKI

Wapo watakaotuuliza: Nyinyi watu wa visiwani, Sumbawanga yawahusu nini? Twajibu: mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu uliridhiwa kwa jina la Jamhuri nzima ya Muungano. Ahadi iliyotolewa kwa jina letu sote yatuhusu sote, na mtoto wa Ufipa ni mtoto wetu.

Ikafuata Sheria Na. 9 ya 2010, iliyomtambulia mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenziwe. Maneno mazuri! Lakini shule haiendeshwi kwa maneno. Na tufungue daftari la hesabu.

Ilipoanza elimu bila malipo, Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi iliwekwa Sh. 10,000 kwa mwaka. Kima hicho kilikuwa kimekwisha tajwa katika mpango wa elimu ya msingi ulioanza 2002, kana kwamba chaki na karatasi hazijui kupanda bei. Tena katika hizo, Sh. 4,000 zilizuiliwa juu kwa ajili ya vitabu, zikateremka shuleni Sh. 6,000. Msomaji, gawanya mwenyewe: Sh. 500 kwa mwezi!

Je, mtoto asiyeona, anayehitaji maandishi ya nukta nundu. Kiziwi, anayehitaji mwalimu wa lugha ya alama. Na mwenye kiti cha magurudumu, ambaye ngazi tatu za mlangoni ni ukuta kwake: hawa nao wapimiwe kibaba kile kile? Wakubwa watasema, "Hatubagui, wote wamepewa sawasawa." Huo ndio ubaguzi wenyewe! Ukiwagawia kitabu cha wino anayeona na asiyeona, umempa mmoja na umemnyima mwingine.

Twajua kuwa Serikali imenunua vifaa na kuvigawa. Lakini kifaa kisicho na fungu la kukitengeneza kikiharibika ni sadaka, si haki.

Huko Ufipa hata njia ya shule ni mtihani. Februari 2013, wilayani Sumbawanga, mtoto mwenye ualbino alivamiwa njiani akitoka shule, akakatwa mkono. Baada ya hayo, nani atathubutu kumwambia mzazi kuwa usalama wa njiani si jambo la kutengewa fedha?

Wakulima wa nchi ile ya juu wameilisha nchi kwa mahindi yao. Mahindi yakifika ghalani hupimwa kwa mizani, wala hakuna karani anayesema magunia yote yawe na uzito mmoja kwa kuwa yote ni magunia. Je, watoto wa wakulima hao ni duni kuliko mahindi?

Twadai matatu. Ruzuku ipimwe kwa haja ya mtoto, si kwa idadi ya vichwa tu. Fungu la wanafunzi wenye ulemavu liandikwe peke yake katika bajeti ya kila halmashauri, lisichanganywe na matumizi mengine. Na hesabu ya fedha iliyofika ibandikwe ukutani mwa shule, wazazi waisome.

Mkataba tunao, sheria tunayo. Kilichobaki ni kulipa. Bajeti huweza kungoja mwaka mwingine. Mtoto wa miaka saba mwakani ni wa minane.