Tumekamata Yai Silo



Kila mwaka Pasaka ikikaribia, sauti huanza kuzunguka kwenye simu zetu. Msemaji hajitaji jina, lakini ukali anao: mwanamke wa Kiislamu akila yai la kutiwa rangi, basi ameshatoka katika dini. Sisi nasi hatuulizi aliyesema ni nani wala kasoma wapi. Tunaisukuma kundi la pili, la tatu, mpaka inarudi kwetu wenyewe. Leo tunasema, na atakayeudhika atuwie radhi: tumekamata yai silo.

Cherahani zetu ziko Unguja, lakini nusu ya ukoo wetu uko Tabora. Miaka michache nyuma tulikwenda huko na gauni la harusi na biharusi mwenyewe, boti mpaka Dar es Salaam, kisha treni ya reli ya kati. Tulifika Jumamosi, kesho yake ni Pasaka.

Anayeijua Tabora anajua kuwa dini zote mbili zilipita njia moja. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika pale, ikaacha miembe, ikaacha Uislamu. Mwaka 1878 Mapadri Weupe nao walipita njia ileile wakielekea kwenye maziwa makuu, na mwaka 1898 Wamoravian kutoka Ujerumani wakaanza kazi Urambo. Ndiyo maana huko utakuta Hamisi na Yohana wamenyonya titi moja, na harusi ya mmoja inapikwa na mke wa mwenziwe.

Jumapili ile mke wa mjomba, ambaye ni Mkristo, alituletea sinia la pilau na kikapu cha mayai 12 ya kuchemsha, mengine ya hudhurungi, mengine ya manjano. Tuseme kweli, hiyo si desturi ya Tabora. Pasaka yao ni kanisa, nguo mpya na pilau, kama Idi yetu. Yeye alikuwa akifundisha skuli ya watoto wadogo, akajifunza huko: maganda ya vitunguu maji yanachemshwa na mayai, unatia na siki kidogo, rangi inashika, ukitaka manjano, unatia binzari. Watoto wa nyumba nzima walikuwa wamezunguka sufuria. Sisi tunaojua kazi ya kutia rangi ukili wa mikeka tuliliangalia lile yai tukaona mkono wa mtu aliyetulia. (Na huko porini kwao yako mayai ya kanga, ndege yule ambaye wazee wanasema ndiye aliyezipa jina kanga zetu, yana madoadoa aliyoyatia Mola mwenyewe.)

Mmoja katika msafara wetu alikichukua kikapu mbele ya macho ya mwenyewe akakimwaga shimoni. Mke wa mjomba hakusema neno. Alikunja kitenge chake akaondoka, na siku ya harusi hakuonekana jikoni, ingawa wali wa watu 200 ulikuwa umewekwa mikononi mwake. Mpaka leo mjomba akitupigia simu, yeye hatoi salamu.

Sasa sikilizeni la pili. Jioni ileile, nyumba ileile, wifi yake biharusi, mjamzito wa miezi sita, alinyoosha mkono kwenye sahani ya mayai ya kienyeji yasiyo na rangi yoyote. Bibi mmoja akampiga kofi la mkono: "Unataka kuzaa mtoto hana nywele?" Sote tulicheka. Hakuna aliyerekodi sauti. Hakuna aliyeuliza katazo hilo limetoka wapi.

Halikutoka kwenye Kur'ani wala kwenye Sunna. Ni mila, na haiko Tabora peke yake. Buganda zamani mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala yai, vilikuwa vya mwanamume. Na hapa Unguja msijitoe, tumesikia kwa masikio yetu mjamzito akiambiwa yai litamkuza mtoto ashindwe kutoka. Yai, ambalo kwa mwanamke asiyeweza kununua nyama kila wiki ndilo chakula cha kujenga mwili kilicho karibu zaidi na mkono wake.

Biharusi wetu alishika mimba, naye akanyimwa yai, akanyimwa maini, akanyimwa firigisi. Alikuja kujifungulia kwetu. Gauni tulilomshonea lingemzunguka mara mbili. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Alitiwa chupa 2 za damu. Alhamdulillah yuko hai na mtoto yuko hai, na nywele anazo tele. Hatusemi ni mayai peke yake yaliyomfikisha pale. Tunasema waliokuwa wakimlinda dini yake hawakuangalia sahani yake.

Mtatwambia sisi washonaji tu, si masheikh. Ni kweli, na fat'wa tunawaachia wenyewe. Lakini hata sisi tunaijua Suratul Maida, aya ya 5, inavyozungumzia chakula cha waliopewa Kitabu. Na tunamjua Bi Asma binti Abubakar, aliyejiwa na mama yake ambaye hajasilimu, akaenda kumuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, akaambiwa amuunge mama yake.

Mpaka upo, na hatuuvuki. Wakristo wa Ulaya zamani walikuwa hawali mayai katika Kwaresima, kuku hawaachi kutaga, Pasaka ikifika yamejaa, wakayachemsha na kuyatia rangi. Na Waorthodoksi wakayapa wekundu kwa ajili ya damu ya Nabii Isa kwa itikadi yao. Itikadi hiyo si yetu. Ibada yao hatuingii, na watoto wetu tutawaeleza kwa nini. Lakini Misri Waislamu na Wakristo hutia mayai rangi siku ya Sham el-Nessim, Iran huyatia rangi kwenye Nowruz, na misikiti yao haikubomoka. Kama moyo wako hautaki kulila, usile. Pokea kikapu, sema ahsante, wape watoto wa jirani. Kumwaga shimoni mbele ya macho ya mtu kumefundishwa katika kitabu gani?

Nyinyi makungwi hasa tunawauliza. Mnamfunda mwari siku saba, mnamfundisha kusinga, kufukiza udi, kumpokea mume. Siku gani mnamwambia akiwa na mimba ale nini, na akikatazwa na mavyaa ajibu vipi kwa adabu?

Sisi tumeanza. Biharusi akija kuchukua gauni lake, tunampa na trei moja ya mayai, na maneno mawili kwa mama mzazi. Wengi hucheka. Wiki iliyopita mmoja aliuliza kama yatakuwa ya rangi.